Kusoma Mawimbi ya Bahari

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi apate kulisoma mwenyewe polepole, na kulijadili na wenzake darasani.)

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya bahari.

Najua wengine wenu mtacheka. Watu wa darasa la Shelui watasema, "Mwalimu, sisi na bahari wapi na wapi?" Ni kweli. Kutoka Shelui mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Tena hata mvua inyeshayo Shelui haifiki baharini. Maji yake hushuka katika mbuga ya Wembere, yakaingia ziwa Kitangiri, na yakizidi hufuata mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi. Huko ndiko mwisho wa safari yake. Hukauka kwa jua. Maji yetu hayaijui njia ya pwani.

Lakini watoto wetu wanaijua. Barabara kuu inapita milangoni mwetu. Vijana hupanda magari, magari hupandisha mlima Sekenke, na baada ya siku mbili tatu barua au simu huja kutoka Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa. Ndiyo sababu ya somo la leo. Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja wa darasa la Shelui. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyoka vizuri. Sitalitaja jina lake, lakini nitawasomea maneno yake:

"Mwalimu, mwanangu yuko Malindi, nchi ya Kenya. Anapika katika nyumba ya wageni. Anasema wageni huja na mbao, husimama juu yake wakapanda mawimbi. Humwuliza mahali penye mawimbi mazuri, naye hajui la kujibu. Sasa anataka kuingia baharini pamoja nao. Mwanangu hajui kuogelea. Nimwandikie nini?"

Ndugu wanafunzi, swali hili ni zuri, na tutalijibu hatua kwa hatua. Kwanza tutajifunza wimbi ni kitu gani. Pili, jinsi ya kutambua mahali penye mawimbi mazuri. Tatu, jinsi ya kutambua mahali penye kifo. Mtaona kwamba alama za mambo hayo mawili hukaa karibu karibu, na mtu asiyejua kuzisoma huzichanganya.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ni kuteleza juu ya mawimbi. Mtu huchukua ubao mwepesi, mrefu kuliko yeye au mfupi kidogo. Huu si ubao wa kuandikia kama ulioko mbele yenu darasani! Hulala kifudifudi juu yake, hupiga maji kwa mikono mpaka apite mahali mawimbi yanapovunjika, kisha hungoja. Wimbi jema likija, hupiga maji kwa nguvu kuelekea pwani. Wimbi linamwinua, ubao unateleza, naye husimama upesi, akasukumwa mbele kama mtu aliyepanda farasi.

Watu wa visiwa vya Hawaii walicheza mchezo huu tangu zamani sana. Mabaharia wa Kiingereza waliofika huko mwaka 1778 na 1779 pamoja na nahodha James Cook waliuona, wakaandika habari zake. Lakini msidhani kwamba Waafrika hawakuujua. Katika miaka ya 1640 mfanyabiashara mmoja Mjerumani alifika Pwani ya Dhahabu, nchi tunayoiita Ghana leo. Aliandika kwamba watoto wa huko walifunzwa kuogelea wakiwa juu ya vibao. Basi ubao na wimbi si mambo ya ajabu katika Afrika. Na mwaka 2021, huko Japani, mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki.

Wimbi ni nini?

Fikirini shamba la mtama uliokomaa. Upepo unapovuma, mnaona kama kitu kinakimbia juu ya shamba kutoka upande huu hadi upande ule. Je, mtama umehama? La. Kila bua limeinama, likainuka tena mahali pake. Kilichokwenda ni mwendo tu.

Wimbi la baharini ni vivyo hivyo. Mkitupa nazi kavu mahali penye kina kirefu, mtaiona ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, lakini haikimbii pamoja na wimbi. Maji hubaki karibu na pale pale yalipokuwa. Kinachosafiri ni nguvu iliyotoka katika upepo.

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu. La kwanza ni nguvu ya upepo. La pili ni muda uliovuma. La tatu ni upana wa maji ambayo upepo umepita juu yake. Katika ziwa Kitangiri upepo unaweza kuvuma kwa nguvu, lakini ziwa ni dogo, kwa hiyo wimbi halipati nafasi ya kukua. Bahari ya Hindi ina upana wa maelfu ya kilomita. Upepo ukivuma huko siku nyingi, wimbi huzaliwa mbali, hukua njiani, na hufika pwani likiwa na nguvu zake zote.

Hapa kuna hesabu mnayoweza kuifanya bila chombo cho chote. Mtu akikaa ufukoni, ahesabu kwa utaratibu tangu wimbi moja linapovunjika mpaka lile linalofuata. Akifika tano au sita tu, mawimbi hayo yamezaliwa na upepo wa karibu. Mara nyingi huwa ovyo ovyo. Akipita kumi, mawimbi hayo yametoka mbali, yamejipanga vizuri njiani, na yana nguvu kuliko yanavyoonekana.

Kwa nini wimbi huvunjika?

Wimbi likiwa katika maji ya kina, halimsumbui mtu. Likikaribia pwani, sehemu yake ya chini huanza kugusa ardhi. Chini linapunguza mwendo, juu linaendelea. Basi huinuka, huinama mbele, na mwisho huanguka. Huko ndiko kuvunjika.

Wimbi huvunjika mahali ambapo kina cha maji kinazidi kidogo tu kimo cha wimbi lenyewe. Wimbi la mita 1 huvunjika penye maji ya mita 1 na robo hivi. Kwa hiyo, mtu akiona povu jeupe mbali na pwani, hata kama haoni mwamba, ajue kwamba chini ya povu hilo maji si marefu. Pana mwamba au fungu la mchanga.

Namna ya kuvunjika nayo hufuata ardhi iliyo chini. Mnaujua mlima Sekenke. Gari likishuka kwa barabara izungukayo, hushuka polepole. Jiwe likiporomoka kwenye genge, huanguka mara moja kwa kishindo. Mahali ambapo ardhi ya chini ya bahari inapanda polepole, kama kwenye mchanga ulio sawa, wimbi humwagika taratibu. Hapo ndipo mahali pa mwanafunzi. Mahali ambapo ardhi inapanda ghafula, kama kwenye ukingo wa mwamba, wimbi hujipindua na kupiga kwa nguvu. Hapo si mahali pa mtu asiye na ujuzi.

Tena wapenda mchezo huu hutafuta wimbi linaloanza kuvunjika upande mmoja, likaendelea kidogo kidogo mpaka upande wa pili, kama mtu anayekunja mkeka. Hapo mtu huteleza kando, mbele ya povu, kwa muda mrefu. Wimbi linaloanguka lote kwa mara moja, kama ukuta wa udongo uliolowa mvua, halina faida kwake. Humtupa chini tu.

Alama nne za mahali pazuri

Sasa tumsaidie kijana wetu wa Malindi. Akiulizwa mahali penye mawimbi mazuri, atazame alama nne: upepo, mwamba, mlango na maji. Andikeni maneno hayo manne katika madaftari yenu. Nitangoja kidogo.

Alama ya kwanza ni upepo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu mwezi wa Desemba hivi mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba. Kwa pepo hizo majahazi yalisafiri kati ya Arabuni, Bara Hindi na pwani yetu kwa karne nyingi. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na bahari huchafuka. Kwa Malindi, miezi ya Julai na Agosti ndiyo inayojulikana kwa mawimbi.

Lakini upepo ukivuma mchana kutwa kutoka baharini, unayavuruga mawimbi na kuyavunja kabla ya wakati. Kwa hiyo mapema asubuhi ni bora. Wakati huo upepo wa baharini umepungua, na mara nyingine upepo mwanana hutoka nchi kavu. Upepo huo hulishika wimbi usoni, ukalisimamisha vizuri kabla halijaanguka. Kijana wetu awaambie wageni wake waamke mapema kama mkulima.

Alama ya pili ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina miamba ya matumbawe mbele yake. Matumbawe ni viumbe wadogo wa baharini wanaojijengea nyumba za chokaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikawa ukuta mrefu. Ukuta huu ni neema kubwa. Mawimbi ya bahari kuu hupiga huko nje, na ndani maji hutulia. Kwa sababu hiyo wavuvi huegesha ngalawa zao kwa usalama, na mchanga wa ufuko hauchukuliwi. Nendeni Paje, mashariki mwa Unguja, mtaona mstari wa povu mbali sana na ufuko, na ndani yake maji kama ya bwawa. Wageni hupenda kuvutwa na tiara kubwa juu ya ubao huko, kwa kuwa maji ni sawa na upepo upo. Lakini mtu anayetafuta mawimbi karibu na ufuko hatayapata, kwa sababu mwamba umekwisha kuyavunja.

Basi, mtafuta mawimbi atafute nini? Atafute mahali ambapo ukuta huo umekatika. Hiyo ndiyo alama ya tatu, yaani mlango.

Malindi ni mfano mzuri wa jambo hili. Mji huu wa kale uko kaskazini ya Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Vasco da Gama wa Ureno alifika hapo mwezi wa Aprili mwaka 1498. Kusini ya mji kuna matumbawe mengi na mazuri, hata serikali ya Kenya ililifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968. Kaskazini ya mji kuna ghuba iliyo wazi, na mbele kidogo kuna mdomo wa mto Sabaki. Mto huu huanzia mbali, katika nchi ya juu ya Kenya, ambako huitwa Athi, ukapita mbuga za Tsavo.

Je, mto unahusika nini na mawimbi? Sikilizeni vizuri. Matumbawe hupenda maji ya chumvi, yenye joto, na safi, ili jua liwafikie. Mto huleta maji baridi ya mvua yasiyo na chumvi, na udongo mwingi mwekundu. Mvua ikinyesha sana bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Katika maji ya namna hiyo matumbawe hayawezi kujenga vizuri. Kwa hiyo ukuta hukatika mbele ya ghuba. Mawimbi ya kusi hupata mlango, huingia, na huvunjika juu ya mchanga karibu na ufuko. Ndiyo sababu wageni wenye mbao hufika Malindi. Udongo wa bara ndio uliofungua mlango wa mawimbi pwani!

Kanuni ni hii: ukitaka kujua mahali ukuta wa matumbawe ulipokatika, tazama mahali mto unapoingia baharini. Lakini usiogelee katika mdomo wenyewe wa mto. Mto Sabaki una viboko na mamba, na mkondo wake ni mkali. Kaa mbali nao, kwenye mchanga ulio wazi.

Alama ya nne ni maji, yaani kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Tangu kujaa mpaka kupwa ni muda wa saa sita na kidogo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu kazi hii hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Hicho ni kimo cha nyumba! Katikati, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, na huitwa maji mafu.

Kwa hiyo mahali pale pale panaweza kuwa pazuri saa mbili asubuhi na pabaya saa sita mchana. Maji yakijaa, mwamba hufunikwa. Yakipwa, mwamba uleule huwa chini ya maji ya goti tu, nao ni mkali kama kisu. Mtu akianguka juu yake hukatika vibaya. Kijana wetu aende ufukoni maji yakiwa yamepwa kabisa, atazame kwa macho yake palipo na mwamba na palipo na mchanga, akumbuke. Hapo atakuwa amesoma chini ya bahari bila kulowa hata ukosi.

Mahali palipotulia

Ndugu wanafunzi, sasa nimefika kwenye sehemu iliyonifanya nichague somo hili. Tafadhali msiongee.

Mimi ni mtu wa bara kama ninyi. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma, niliingia baharini mara ya kwanza siku ya sikukuu. Nilitazama ufuko wote. Huku mawimbi yanavunjika, kule mawimbi yanavunjika. Katikati palikuwa na njia nyembamba ambapo maji yametulia, rangi yake nyeusi kidogo, hayana povu. Nikajisemea, "Mimi si mjinga, nitaingia palipotulia." Nikaingia mpaka kiunoni. Mara nikaona mchanga unakimbia chini ya miguu yangu, nami nakwenda nje. Nilipiga maji kwa nguvu zote kurudi pwani, wala sikusogea. Nilikunywa maji ya chumvi mpaka nikaacha kuona sawasawa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinitupia dumu tupu lenye kamba, akanivuta kando. Nilipopata nafuu alisema, "Mwanangu, hapo maji yametulia kwa sababu yanaondoka."

Maneno ya mzee huyo ndiyo nataka myakumbuke.

Nitaeleza sababu. Mnajua matuta ya viazi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukusanyika nyuma ya tuta. Hayawezi kukaa. Hutafuta mahali tuta lilipo chini, hupasua, na yote hutoka kwa njia hiyo moja kwa kasi, yakachukua udongo. Baharini ni vivyo hivyo. Mawimbi husukuma maji juu ya ufuko. Maji hayo lazima yarudi. Hutafuta mahali pa chini katika fungu la mchanga, au nafasi kati ya miamba, na hutoka kwa njia hiyo. Kwa kuwa hapo maji ni ya kina kuliko kandokando, mawimbi hayavunjiki. Mtu wa bara hutazama, huona utulivu, na huingia mahali pabaya kuliko pote. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alama za njia hiyo ni hizi: maji meusi kati ya maji yenye povu, mawimbi yasiyovunjika wakati ya kandokando yanavunjika, povu, majani au mchanga unaokwenda nje badala ya kuja ndani.

Na mtu akikamatwa, afanye hivi. Kwanza, asishindane na mkondo. Hata bingwa wa kuogelea anaweza kushindwa, na wengi huzama kwa kuchoka. Mkondo huu haumvuti mtu chini. Unampeleka nje tu, na huko nje unapungua nguvu. Pili, alale chali, apumue, ainue mkono mmoja na kuita. Tatu, kama anajua kuogelea, asielekee pwani. Aogelee kandokando ya ufuko, kushoto au kulia, mpaka afike mahali mawimbi yanapovunjika. Hapo mawimbi yenyewe yatamsukuma pwani.

Na ninyi mnaoona, msijitose ovyo. Mara nyingine anayezama ni mmoja, na anayekufa ni yule aliyekwenda kumwokoa. Tupeni dumu tupu lililofungwa vizuri, au kamba, au ubao, au kipande cha mti. Iteni wavuvi.

Wenye mbao, walio na ujuzi, huutumia mkondo huo kwenda nje bila kuchoka. Ndiyo maana nilisema alama za mahali pazuri na za mahali pabaya hukaa karibu. Kwa mwenye ujuzi ni njia. Kwa asiyejua kuogelea ni kaburi. Kijana wetu akiwaona wageni wanaingia hapo, asiwafuate.

Barua ya mama

Sasa tumjibu mama wa Shelui. Kila mmoja anakili barua hii, halafu abadilishe maneno yanayofaa, kwa kuwa najua wengi wenu mna ndugu pwani.

"Mwanangu mpendwa,

Salamu. Sisi hatujambo, mtama umeanza kutoa masuke. Nimejifunza habari za bahari.

Usiingie kabla ya kujifunza kuogelea. Jifunze wakati maji yametulia, ndani ya mwamba, mahali unapoweza kusimama, pamoja na mtu anayejua.

Kabla ya kuwaonyesha wageni mahali, keti ufukoni nusu saa nzima. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Ukitazama dakika tano tu, yanaweza kukudanganya. Tazama upepo, mwamba, mlango na maji. Nenda asubuhi.

Waulize wavuvi. Wao wamesoma maji hayo tangu utotoni.

Usiingie palipotulia kati ya mawimbi. Hapo maji yanaondoka.

Ni mimi mama yako. Barua hii nimeiandika mwenyewe."

Ndugu wanafunzi, labda kijana huyu atajifunza, naye siku moja atasimama juu ya ubao. Hiyo ni furaha halali, wala hatumzuii. Au labda atabaki ufukoni, akawa mtu anayeulizwa na wageni, naye akajibu kwa hakika. Hiyo pia ni kazi, tena yenye heshima. Bali aanze kwa kutazama. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Maneno ya kukumbuka

Kusi: upepo utokao kusini, Aprili mpaka Septemba au Oktoba.
Kaskazi: upepo utokao kaskazini mashariki, Desemba mpaka Machi.
Matumbawe: viumbe wa baharini wanaojenga mwamba.
Mlango: mahali mwamba ulipokatika.
Bamvua: wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana.
Maji mafu: wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Shamba la mtama likipigwa na upepo, ni kitu gani kinachosafiri? Linafanana vipi na bahari?
2. Kwa nini mawimbi huufikia ufuko wa ghuba ya Malindi, lakini huvunjika mbali na ufuko wa Paje?
3. Mtu ameona povu mbali baharini. Linamwambia nini juu ya kina cha maji pale?
4. Mtu wa bara anaona njia ya maji tulivu kati ya mawimbi. Afanye nini, na kwa nini?
5. Mwenzako amechukuliwa na mkondo. Taja vitu vitatu vilivyo karibu unavyoweza kumtupia.

Kazi ya nyumbani: Andika barua ya mistari mitano kwa ndugu yako anayekaa pwani, au karibu na ziwa, au karibu na mto. Mweleze jambo moja la kumlinda. Isome kwa sauti mbele ya darasa, kisha uipeleke posta.